Fundi Anajibu: Cheni ya taiming inalia, niweke oili nzito?

Mwezi huu maswali ya cheni ya taiming yamezidi hata ya breki, na sishangai, hizi IST, Vitz, Spacio na Premio tulizoziingiza kwa wingi sasa nyingi zina miaka 20 na ushee, zimepita mikono mitatu minne na kila mkono ulikuwa na fundi wake na oili yake. Nimechukua machache, marefu nimeyakata kidogo, twende.

Shikamoo fundi. Nina IST ya 2004 cc 1490, nilinunua kwa mtu. Asubuhi nikiwasha inalia krrrr upande wa dereva sekunde mbili tatu hivi halafu inanyamaza, mchana hailii kabisa. Fundi wangu kasema ndo kawaida ya IST, akaniwekea oili nzito ya 20W-50 na kweli kelele imepungua. Je, nipo salama? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Kelele kupungua sio gari kupona, na hilo la "kawaida ya IST" muulize vizuri fundi wako maana ilipotoka kiwandani haikuwa inalia.

Hapo kwenye gari lako kuna injini ya 1NZ-FE, ileile iliyopo kwenye Vitz za cc 1490, Probox, Fielder, Raum na Premio ndogo. Upande wa dereva ndani ya kava kuna cheni moja ya mstari mmoja, nyembamba tu, inatoka kwenye krenki chini (shafti inayozungushwa na pistoni) inapanda kuzungusha kamshafti mbili juu (shafti zinazofungua valvu). Cheni hiyo inapita katikati ya reli mbili, moja imefungwa haisogei, ya pili inasukumwa na tensiona ili cheni ikae imekaza muda wote. Sasa tensiona inasukumwa na nini? Na presha ya oili. Ukizima gari usiku kucha oili inashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, asubuhi ukipiga stata kuna kamuda kafupi ambako presha bado haijapanda, na kama cheni imeshalegea inapata nafasi ya kucheza na kuzipiga reli, ndo hiyo krrrr yako, presha ikifika inanyamaza. Cheni ikiwa nzima husikii kitu hata asubuhi ya baridi kwa sababu ndani ya tensiona kuna meno yanayoizuia isirudi nyuma.

Wengi wanasema cheni "imerefuka" wakidhani chuma kimevutika. Chuma hakijavutika, kinacholika ni pini na bushi kwenye kila maungio ya pingili. Kila moja inalika kidogo sana, chini ya unene wa unywele, ila pingili zipo mia na kitu na vile vidogo vinajumlishana. Aliyewahi kuendesha baiskeli ya Phoenix kuukuu anaelewa, cheni ilianza ikiwa imekaza na mwisho inaning'inia na kuruka meno na hakuna aliyeivuta. Kwenye injini ikilegea ina maana kamshafti zinachelewa nyuma ya krenki, valvu zinafunguka muda sio wake, nguvu inapungua, mafuta yanaliwa zaidi, na ikifika hatua ya kuruka meno hapo ni valvu na pistoni kukutana.

Kinachoila ni oili chafu. Masizi na chembe za chuma zinazoelea kwenye oili zinaingia kwenye hizo bushi zinasaga taratibu. Na hapa Dar tuna tatizo letu, mtu anahesabu kilometa 5,000 za sevisi lakini nusu yake kazimaliza kwenye foleni ya Ubungo gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma imesimama, na AC inapiga, dashibodi inasoma kilometa chache injini imeshafanya kazi masaa mengi mno. Kama maisha yako ni ya foleni usisubiri 5,000, mwaga mapema, 4,000 sio mbaya. Na usiache oili ipungue, injini hii inachukua lita 3.7 hivi pamoja na filta, sio nyingi, ukipungukiwa lita moja pampu inaanza kunyonya hewa kwenye kona na mlimani.

Kuhusu 20W-50, mimi siipendi kabisa kwenye injini hii. Kiwanda kilisema 5W-30. Oili nzito inazima kelele masikioni mwako lakini asubuhi inachelewa kufika juu, yaani unaongeza ule ule muda ambao cheni inapiga reli kavu. Halafu una VVT-i, ule mfumo unaosogeza kamshafti kwa presha ya oili, njia zake ni nyembamba na kuna kichujio kidogo kwenye valvu yake, uzito huo unauchelewesha. Wauza magari wa mtaani wanajua sana mchezo huu, wanamimina oili nzito siku ya kuuza.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwaga hiyo, weka 5W-30 nzuri na filta ya maana, sio zile za elfu tatu. Ndani ya filta kuna mpira unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa, kwenye filta feki ule mpira haushiki au haupo, na kuna watu walibadilisha filta tu kelele ikaisha, hivyo anzia hapo kabla hujatoa hela kubwa. Sikilizia wiki mbili. Ikiendelea kulia mwambie fundi afungue kava la valvu juu, kazi ya muda mfupi, aiangalie cheni kwa macho, aibonyeze, aangalie reli za plastiki kama zimechimbika mifereji, na tensiona imetoka nje kiasi gani. Tensiona iliyotoka karibu yote imemaliza safari yake, haina pa kusukuma tena.

Kuna kelele moja ya kufanana nayo, ya gia ya VVT-i yenyewe, ile pini yake ya kujifunga ikichoka inatoa mlio mfupi mara moja tu gari likilala usiku, kama sekunde moja, basi. Ya cheni huwa inaburuza zaidi, na ukipandisha mzunguko kisha ukaachia inajirudia. Fundi mzoefu anaweka bisibisi ndefu kwenye kava na sikio kwenye mpini anakwambia ni ipi.

Ukifikia kubadilisha, badilisha seti nzima: cheni, tensiona, reli zote mbili, na gia ya krenki. Gia za juu zikaguliwe meno, yakiwa yamechongoka zitoke nazo. Cheni mpya kwenye gia zilizolika inaanza kulika siku hiyo hiyo. Na tafadhali usikubali cheni ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya Japani pale Gerezani, Dar, kwenye vipuri vya mtumba, injini ya mtumba nzima sawa, lakini cheni peke yake iliyolika na gia za watu wengine hapana.

Na siku ya kazi simama hapo hapo. Baada ya kufunga, kabla ya kupiga stata, krenki izungushwe kwa mkono na spana mizunguko miwili kamili, ikigoma popote asilazimishe. Akimaliza kuzungusha zile pingili za rangi hazitakuwa tena kwenye alama, usiogope na yeye asiogope, zinarudi kukutana baada ya mizunguko mingi sana, cha kuangalia ni alama za kwenye gia. Jambo la mwisho ni silikoni. Kava la mbele kwenye 1NZ ndo limebeba oili pampu, fundi akipaka silikoni kwa wingi kama anapiga ripu, ile inayotokeza kwa ndani inakatika, inadondoka kwenye sampo na kuziba strena ya pampu (wavu wa kunyonyea oili), baada ya miezi michache taa ya oili inawaka na injini mpya inatafutwa. Mstari mwembamba unatosha.

Habari fundi, mimi ni mama wa watoto wawili niko Nakuru, naendesha Premio ya 2008. Taa ya injini iliwaka, mashine ikasoma kosa namba P0016. Tumebadilisha sensa ya kamshafti, haikuisha, tukabadilisha ya krenki, bado. Sasa wanataka kubadilisha kompyuta! Nimechoka kutoa pesa.

Pole sana dada. Simamisha hiyo ya kompyuta kwanza, usitoe hata shilingi.

P0016 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta imesikia sensa zote mbili vizuri kabisa na habari zao hazipatani, krenki iko hapa, kamshafti ilitakiwa iwe pale na haipo. Sensa ikifa yenyewe au waya ukikatika mara nyingi utaona P0335 kwa krenki au P0340 kwa kamshafti. Kwa hiyo walichofanya ni kuwabadilisha mashahidi wawili wanaosema ukweli.

Anza na kisicho na gharama, dipstiki. Oili ikiwa chini au nyeusi tii, badilisha kwanza. Pili ni ile valvu ya oili ya VVT-i, inatoka na bolti moja, inasafishwa, inapimwa kwa kupewa umeme wa betri mara moja kwa muda mfupi kuona kama kipini cha ndani kinacheza. Ikiwa imegandia wazi inaisukuma kamshafti mbele wakati haikutakiwa. Tatu fundi mwenye mashine ya kueleweka aangalie namba zikiwa zinatembea, sio kusoma kosa na kufuta tu, injini ikiwa ya moto na iko sailensa kamshafti inatakiwa itulie mahali pake. Ikiwa imekaa pembeni muda wote na haitikisiki, hiyo ni cheni iliyolika au iliyoruka jino. Ikiwa inarukaruka, ni oili au VVT-i.

Halafu nikuulize kitu ambacho hukuandika: taa iliwaka baada ya injini kufunguliwa? Kama kuna mtu alishusha hedi (kichwa cha injini) au kubadilisha sili ya mbele miezi ya karibuni basi uwezekano mkubwa cheni ilifungwa jino moja pembeni. Gari ikiwa hivyo inawaka, inatembea, inakula mafuta na inakuwa nzito kupanda. Hapo arudi aliyefunga arekebishe, na wala sio wewe wa kulipa.

Kwa wenye Toyota za kabla kidogo ya hapo, mashine ikisoma P1346 ndo ndugu yake huyo huyo, msianze na sensa.

Fundi, mimi ni mzee mstaafu, niko Sumbawanga. Nina Hilux ya petroli injini ya 22R, nimekaa nayo miaka mingi. Siku hizi maji yanapungua kwenye rejeta na oili imekuwa nyeupe nyeupe. Mafundi wawili wamesema gasketi ya hedi, tumebadilisha, hali ni ile ile. Zamani kidogo ilikuwa inagonga mbele nikaizoea.

Shikamoo mzee wangu. Hilo neno lako la mwisho, "ilikuwa inagonga mbele nikaizoea", ndilo lenye jibu lote na hao mafundi wawili hawakuuliza.

Injini ya 22R ya mwanzo ilikuwa na cheni ya mistari miwili, nene haswa. Kuanzia matoleo ya 1983 Toyota wakaweka ya mstari mmoja na reli za plastiki za kuiongoza. Plastiki ikizeeka kwa joto inakuwa ngumu kisha inakatika, vipande vinaanguka kwenye sampo, na cheni sasa haina kinachoizuia, inaanza kupiga na kukwangua kava lenyewe la aluminiamu. Na nyuma ya ukuta huo wa kava, upande huo huo, imepita njia ya maji. Cheni inakula kidogo kidogo mpaka inatoboa, maji yanaingia kwenye oili. Dalili zake zinafanana kabisa na za gasketi ya hedi kuungua ndo maana watu wanashusha hedi bure, lakini mwenye kuijua 22R akisikia mlio wa mbele pamoja na maji kwenye oili anaenda kwanza kwenye kava.

Mzee usiiwashe tena hata kuisogeza uwani. Oili yenye maji haibebi krenki, beringi zinakwenda na hapo unaongelea injini nzima. Avutwe fundi nyumbani, afungue mbele. Kava likiwa limetoboka kuna watu watakwambia walichomelee, mimi nisingefanya, uso wake unapinda kwa moto na pampu ya maji na ya oili zote zimefungwa hapo, tafuta kava jingine. Chukua reli zenye mgongo wa chuma, zinapatikana, sio za plastiki tupu tena, na tensiona mpya. Sampo ishushwe vipande vya plastiki vitolewe kwenye strena. Baada ya hapo oili ya kwanza isikae, endesha kidogo tu injini ipate moto, imwage, weka nyingine na filta nyingine, maana ule weupe hautoki wote mara moja.

Ukishafunga hivyo gari hiyo itakuzika wewe, Mungu akupe umri.

Kaka mambo, niko Arusha nafanya mambo ya tua za watalii. Nimeletewa Navara D40 ya 2008 dizeli bei nzuri sana. Jamaa zangu wananiambia kimbia, cheni. Ni kweli au ni maneno?

Poa kaka. Sio maneno. Injini ya YD25 kwenye D40 za mwanzo, za 2005 mpaka kuelekea 2010, ina cheni mbili, ya chini inatoka krenki kwenda pampu ya dizeli, ya juu inatoka pampu kwenda kamshafti, na waliziweka za mstari mmoja kwenye injini yenye mkandamizo wa dizeli na pampu nzito ya kuzungusha. Zinalika mapema na zikikatika hazikupi taarifa ya maana, unatembea hapo unasikia kishindo, valvu zimepinda. Fikiria ukiwa na wageni katikati ya Serengeti.

Ila sisemi kimbia. Kuna seti za kubadilisha kwenda cheni za mistari miwili pamoja na gia zake, watu wamefunga na gari zinapiga kazi. Kwa hiyo muulize anayeuza swali moja, seti imeshafungwa? Kama anasema ndiyo aonyeshe risiti au gereji iliyofunga, "alifunga mwenyewe wa kwanza" sio jibu. Kama haijafungwa, piga hesabu ya seti na ufundi, itoe kwenye bei, na gari lisiende porini kabla ya hiyo kazi. Hiyo "bei nzuri sana" nahisi yeye mwenyewe anajua.

Mengine ya haraka haraka

*Nitajuaje gari langu lina belti au cheni?* Angalia namba ya injini, sio jina la gari. Noah za zamani zenye 3S ni belti, zilizofuata zenye 1AZ ni cheni. Corolla 110 ya 5A belti, ya mbele yake yenye 1NZ au 1ZZ cheni. Prado ya 1KZ na ya 1KD zote belti, ya 1GR petroli cheni. Hiace ya 5L belti, ya 1TR na 2TR cheni. Landcruiser 1HZ belti. Subaru Forester za EJ belti. Kwenye Toyota nyingi za dizeli utaona taa ya T-BELT dashibodi, ikiwaka sio ya kutolewa balbu jamani, ni belti imefika.

*1ZZ yangu inakula oili, kuna uhusiano na cheni?* Upo. 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili kwenye ringi za pistoni, mwenye gari hapimi oili, inashuka, tensiona inakosa presha, cheni inaumia. Pia tensiona ya 1ZZ imefungwa kwa nje ya injini na orini yake (ringi ya mpira) inavuja, usimruhusu mtu aifungue na kuirudisha bila kuirudisha ndani kipini chake na kukifunga na ndoano yake, cheni inaweza kuruka.

*Nina Mercedes C200 Kompressor W203, wamesema nibadilishe cheni tu.* Kama injini yake ni M271, tatizo lake linajulikana kwenye cheni na zile gia za kamshafti zinazojirekebisha, meno yake yanaliwa. Cheni tu bila kuangalia hizo gia ni kurudi gereji. Habari njema ni kwamba cheni ya hapo inaweza kukatwa, mpya ikaunganishwa na ya zamani na kuvutwa kwa juu bila kushusha mbele yote, ila anayeunga pingili ya mwisho awe na kifaa chake cha kuikandamiza, sio nyundo.

*Naruhusiwa kutumia dawa ya kusafisha injini kabla ya kumwaga oili?* Kwa injini ya miaka 20 ambayo hujui historia yake, mimi hapana. Uchafu ulioganda unabanduka kwa mkupuo na kwenda kuziba strena. Mwaga oili ya kawaida mara mbili tatu kwa vipindi vifupi, itasafisha taratibu.

*Mimi ni dereva wa Bolt, Vitz yangu inalia asubuhi, hela ya seti sina mpaka mwisho wa mwezi ujao. Naweza kuendelea na kazi?* Kama inalia asubuhi tu na kunyamaza, endelea kwa adabu. Pima oili kila Jumapili, ukiwasha asubuhi iache itulie nusu dakika kabla ya kukanyaga, usiivute injini mpaka kwenye rangi nyekundu. Taa ya injini ikiwaka, au ile kelele ikianza kusikika hata injini ikiwa ya moto, zima papo hapo na uite brekidauni, hata kama abiria yupo ndani na amebakisha kona moja.